Vidole Kumi Kwenda, Vidole Kumi Kurudi

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na meza ya sambusa kwa sababu mnazozijua wenyewe: shikamooni wakubwa, na wadogo nawapa marahaba yenu mapema ili tusipoteze muda baadaye.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni "jirani yetu aliyeomba kusema machache kuhusu viatu." Namsamehe. Hakuisoma barua yangu hadi mwisho. Ilikuwa na kurasa nyingi. Kwa kumbukumbu za kikao, katibu aandike kwamba anayesema ni Bingwa wa Nyayo na Mhadhiri Mkuu wa Elimu ya Vidole vya Mguu katika jimbo zima la Maine, cheo nilichotunukiwa na jopo lililoketi jikoni kwangu. Mwenyekiti wa jopo nilikuwa mimi, katibu nilikuwa mimi, na kura zilipigwa kwa uwazi kabisa.

Nasikia mnong'ono. "Huyu si mtu wa Tanga? Huyu si amekulia kwenye kandambili?" Ndiyo, na hapo ndipo ubingwa wangu ulipo. Mtu aliyezaliwa hapa Portland hajawahi kuishangaa baridi, na asiyeshangaa hachunguzi. Mimi niliishangaa tangu mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka, na sijaacha. Utafiti wangu wa mwanzo niliufanya kwenye baraza ya nyuma ya nyumba, nimevaa mabuti, nimekaa juu ya kiti cha plastiki saa za alfajiri, hadi jirani Mmarekani akagonga kuuliza kama mke wangu amenifungia nje. Nilimwambia hii ni sayansi. Alinipa blanketi. Ndivyo wasomi wanavyotendewa katika nchi hii.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wengi wenu, ndugu zangu wa Bukavu, wa Uvira, wa Bujumbura, wa Nakuru, mmeanza kualikwa na wenzenu wa kazini kwenda kuwinda kulungu. Msimu wa bunduki hapa unaangukia Novemba. Mtavaa vazi la rangi ya chungwa inayoumiza macho, vipande viwili, kofia kikiwa kimoja, kwa amri ya sheria. Siku ya Jumapili kuwinda ni marufuku, kwa hiyo hakuna atakayemwambia mchungaji alikuwa porini. Leseni na darasa la usalama wa bunduki mtavipata kwa watu wa serikali. Mimi sishughuliki na vitu vidogo. Mimi nashughulika na kinachotokea kati ya soli na ukucha.

Na kinachotokea ni hiki. Sheria inaruhusu kuanza kuwinda nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Maana yake mtatembea gizani, mmebeba mizigo, mmejifunika nguo zote mlizonazo, mkitoka jasho. Kisha mtapanda ulingo juu ya mti na kukaa kimya. Saa moja. Saa mbili. Saa nne. Hamtakiwi kucheza, kukohoa wala kupiga miguu chini. Wazee wa pwani walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi kama mtaalamu napinga, na naomba methali hiyo isirudiwe mbele yangu katika jimbo hili. Ulimi ukijikwaa utaomba radhi. Kidole kikiganda kinakatwa.

Basi andikeni nadharia yangu ya kwanza, iliyo mama wa zote: kiatu hakipashi mguu joto. Mguu ndio unaokipasha kiatu. Umenunua buti la dola mia tatu ukidhani umenunua jiko? Umenunua chupa ya chai. Chupa ya chai haichemshi kitu. Ukiitia chai ya moto itaitunza, ukiitia maji ya bomba yatabaki maji ya bomba. Mtu anayeutia mguu uliokwisha kupoa ndani ya buti zuri, mchana kutwa atakuwa anautunza ubaridi kwa gharama kubwa.

Na joto la mguu linatoka wapi? Linaletwa na damu. Mwili ukihisi kifua na tumbo vinapoa, unabana mishipa ya damu ya mikononi na miguuni ili joto libaki kwenye moyo, maini na ubongo. Ni uamuzi wa kiserikali kabisa: makao makuu kwanza, mikoani baadaye. Kidole gumba cha mguu kiko mkoa wa mbali kuliko yote. Kwa hiyo mwenye kutaka vidole vyenye joto na avae kofia, afunge skafu, afunike kifua, na ale. Ndiyo, ale. Mwenye njaa hana kuni za kuchoma. Wazungu watakupa kipande cha chokoleti. Wewe kula kiporo cha wali na maharage kabla ya kutoka, chokoleti uiweke mfukoni.

Mzee wangu wa Marangu unayenyoosha mkono, nimekuona. Maswali ni mwisho.

Tuingie kwenye historia, maana mhadhara usio na historia ni tangazo la duka. Mwaka 1991, kwenye milima iliyo mpakani mwa Austria na Italia, waliokuwa wakitembea walikuta maiti imechomoza kwenye barafu. Polisi wakafikiri ni mpanda mlima wa juzi. Kumbe ni mtu wa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wanasayansi wa kawaida wakakimbilia kupima tumbo lake na chale za ngozi yake. Mimi ningeanzia miguuni. Alikuwa na viatu vyenye soli ya ngozi ya dubu, na ndani, kati ya ngozi na mguu, alikuwa amejaza nyasi kavu zilizoshikiliwa na wavu wa kamba za magome. Nyasi, mabibi na mabwana! Wasami wa kaskazini ya Ulaya wamefanya hivyo hivyo karne kwa karne: wanavuna nyasi, wanazikausha, wanazisokota na kuzitandaza ndani ya viatu vya ngozi ya paa wa kaskazini, na jioni wanazitoa na kuzikausha tena. Wavumbuzi wa ncha za dunia waliiga kwao.

Kwa nini nyasi? Kwa sababu nyasi zinashika hewa, na hewa iliyotulia hairuhusu joto kupita kwa urahisi. Sufu ni hewa iliyofungwa katika manyoya. Unyoya wa bata ni hewa. Vile vitambaa vya kiwandani vinavyouzwa kwa majina makubwa ni hewa iliyonaswa katika nyuzi nyembamba mno. Mmesafiri kutoka Afrika ambako hewa ni ya bure, mkaja kuinunua madukani ikiwa imeshonewa kwenye kiatu.

Kutoka nyasi turuke hadi jimbo letu. Mwaka 1911 mwindaji mmoja wa hapa Maine, Leon Leonwood Bean, alirudi kutoka porini miguu imelowa na imekufa ganzi. Mtu wa kawaida angemlalamikia mkewe, yakaisha. Yeye alichukua sehemu ya chini ya kiatu cha mpira, akamwomba fundi aishonee juu yake shingo ya ngozi nyepesi. Chini mpira, maji yasipenye. Juu ngozi, kifundo kipate kukunjika na mguu usiwe mzito. Mwaka 1912 akaanza kuviuza kwa barua, akiwaandikia wawindaji wa majimbo mengine waliokata leseni za Maine. Jozi 100 za kwanza zikaondoka. Jozi 90 zikarudi: mishono imefumuka, ngozi na mpira vimepeana talaka. Bwana Bean akawarudishia watu fedha zao, akakopa, akaanza upya. Leo duka lake liko Freeport, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa tulipo. Nje limesimamishiwa buti ambalo mtu mzima anaweza kujificha nyuma yake akiwa amesimama, na tangu 1951 duka hilo liko wazi usiku na mchana.

Watu husifu uungwana wa zile jozi 90. Mimi kama mtafiti nauliza habari za zile 10. Wenyewe walikuwa wapi? Kwa nini hawakuandika? Historia imenyamaza.

Sasa uchaguzi. Mtaingia dukani na kukuta kila buti lina nambari: 200, 400, 800, 1000, na mengine hayana nambari kabisa. Hizo ni gramu. Mwanafunzi wangu mmoja alilibeba buti la 800 hadi kwenye mizani ya mboga, akaona kilo na zaidi, akaanza kumfokea muuzaji kwamba ameibiwa kinyume. Hizo si gramu za kiatu. Ni uzito wa mita moja ya mraba ya ule utandio wa kukinga baridi uliomo ndani. Utandio mzito, hewa nyingi zaidi. Kuna aina maarufu, Thinsulate, ya kampuni ya 3M ya jimbo la Minnesota, na watu wa Minnesota siwabishii katika suala la baridi.

Mnatarajia niwaambie nunueni kubwa kuliko zote. Hapo ndipo ninapotofautiana na shemeji zenu. Mwindaji anayetembea kutwa akifuata nyayo kwenye theluji, ukimvika buti la gramu 1000, kabla ya saa nne asubuhi ataogelea humo ndani. Huyo 200 au 400 inamtosha, na siku ya Novemba isiyo na baridi kali hata lisilo na nambari. Anayekaa juu ya ulingo bila kucheza, huyo 800 au 1000 ni haki yake. Na anayetaka kutembea mbali kisha akae? Huyo ana matatizo mawili na fedha za buti moja. Nitamfikia.

Kuhusu mpira na ngozi sitachukua muda. Buti la mpira mtupu halipitishi maji, na wawindaji wengi hulipenda kwa kuwa haliachi harufu nyingi njiani. Kulungu ana pua ambayo polisi wa Dar es Salaam wangeitamani. Ila mpira haupumui. Ngozi yenye utando wa kisasa ndani hupumua kidogo na hukumbatia kifundo vizuri kwenye mawe na mizizi. Chagueni kulingana na njia, na asiwepo wa kuniuliza rangi.

Kinachohitaji muda ni kipimo. Nendeni dukani jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku. Nendeni na soksi zile zile za porini. Usijaribu buti la theluji kwa soksi ya harusini. Usifunge kamba kwanza: sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kisha ingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia, vizuri. Kisha funga kamba, tembea, shuka ngazi. Vidole vikigonga mbele wakati wa kushuka, rudisha. Chezesha vidole humo ndani. Visipoweza kucheza, rudisha hata kama muuzaji amekuita "rafiki yangu." Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka buti sharti ainame mara nyingi mbele ya watu asiowajua. Mimi nimeinama katika maduka yote ya mji huu, na mawili kati ya hayo wamenizoea kiasi kwamba wakiniona hujifanya wanafunga hesabu.

Tufike kwenye soksi, mahali ambapo jamii yetu imeanguka vibaya. Mama mmoja, sitamtaja kwa kuwa ndiye aliyetupikia leo, alinijia akilia kwamba miguu yake inaganda ingawa amevaa soksi nne. Nikamwambia: mama yangu, inaganda kwa sababu umevaa soksi nne. Kiatu ni kile kile, nafasi ni ile ile. Kila soksi uliyoongeza ilifukuza hewa na kuukaba mguu. Damu ikibanwa haifiki. Joto likikosa gari haliji. Soksi moja nyembamba karibu na ngozi, ya sufu laini au ya kitambaa cha kiwandani kisichonyonya maji, na juu yake soksi moja nene ya sufu. Basi. Ukitaka ya tatu, nunua buti kubwa zaidi kwanza.

Na pamba, wapendwa, pamba! Sisi sote tumelelewa na pamba. Kanga ni pamba, fulana ni pamba, soksi tulizofungasha kwenye sanduku tukija huku ni pamba. Pamba inalinyonya jasho na kulishikilia. Ikilowa inalala kama mfu juu ya ngozi, na maji hubeba joto kwenda nje kwa kasi kubwa kuliko hewa. Sufu nayo hunyonya, lakini nyuzi zake hubaki zimejikunja na kushika hewa hata zikiwa na unyevu. Kwa sababu hiyo naipiga marufuku soksi ya pamba porini kuanzia sasa. Mwenyekiti ataweka muhuri.

Mzee wa Marangu amesimama. Sasa amesimama! Haya mzee wangu, sema, lakini kwa ufupi.

Mmesikia wote. Mzee anasema alikuwa mgumu Kilimanjaro, akibeba mizigo ya wageni. Anasema pale kambi ya Barafu, mita 4,673, maji ya kunawa yanaganda, na safari ya kileleni huanza kama saa sita usiku. Anasema aliwaona wageni wenye mabuti ya bei ya ng'ombe wakilia kabla hata ya kufika Stella Point, na dawa yao mara nyingi ilikuwa kuwalegezea kamba za viatu, kuwavua soksi moja na kuwaambia wachezeshe vidole kila hatua. Na anasema wagumu wenyewe walipanda na viatu vya mitumba vya sokoni Moshi, wakijua kwamba soksi kavu ya akiba huwekwa kifuani, ndani ya nguo.

Namshukuru mzee kwa kuithibitisha nadharia yangu ya pili, ambayo nilikuwa bado sijaitoa. Katibu, iandike kwa jina langu: kamba zisikaze, vidole vicheze, soksi ya akiba ikae kifuani. Mzee, kaa, umefanya kazi nzuri ya usaidizi.

Tuendelee na adui mkubwa kuliko theluji, nalo ni jasho lako mwenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari walikaa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, miguu ndani ya matope, mchana na usiku. Barafu haikuwa lazima. Unyevu na baridi ya kawaida vilitosha. Miguu ilivimba, ikafa ganzi, ikabadilika rangi, ikaoza. Maelfu waliondolewa vitani bila kuguswa na risasi. Jeshi la Uingereza likaleta mafuta ya nyangumi ya kupaka, lakini kilichosaidia zaidi ni amri ya aibu kidogo: vueni viatu, kausheni miguu, badilisheni soksi, na kila askari akague miguu ya mwenzake. Hebu fikirini. Himaya iliyotawala robo ya dunia iliokolewa na mtu mmoja kumwambia mwingine, "Hebu nione vidole vyako."

Kwa hiyo yule mwenye matatizo mawili na fedha za buti moja, sasa ni zamu yako. Tembea polepole. Ndiyo hiyo siri, na madukani haiuzwi. Toka nyumbani mapema, vua koti ulifunge kwenye begi, uhisi kijibaridi njiani. Ukifika chini ya ulingo, kaa, vua mabuti, vua soksi za safari, futa miguu, vaa soksi kavu kutoka kifuani. Dakika tano. Wenzako watakucheka gizani. Saa tatu asubuhi watakuwa wanashuka kwenda kwenye gari kuwasha hita, na wewe uko juu, vidole vinapumua, msitu wote ni wako.

Wapo wanaofuata madhehebu ya nailoni. Unavaa soksi nyembamba, unafunga mguu katika mfuko wa plastiki, juu unavaa soksi nene. Jasho linabaki ndani, mguu unalowa kidogo, lakini soksi nene inabaki kavu na hewa yake. Msicheke, jeshi la Marekani lilifanya kitu cha aina hiyo katika miaka ya 1950: mabuti ya mpira, mpira ndani na mpira nje, katikati sufu iliyofungiwa isiguswe na maji. Meupe yake yalikadiriwa kuhimili baridi ya kama nyuzi 54 chini ya sifuri, na yana vali ndogo ya hewa pembeni ambayo lazima ifunguliwe ukipanda ndege. Kiatu chenye masharti ya usafiri wa anga! Mimi nayapenda mno. Mke wangu hayaruhusu sebuleni. Kuhusu ile mifuko ya plastiki, naomba tu mkumbuke mlikotoka: Rwanda imeikataza tangu 2008, Kenya tangu 2017, Tanzania tangu 2019. Ukirudi likizo, usimwonyeshe afisa wa forodha mbinu yako ya uwindaji.

Halafu kuna ardhi. Juu ya ulingo wa chuma, au juu ya udongo ulioganda, joto linapita kwenye soli na kushuka chini hata kama hakuna upepo. Wekeni kitu chini ya miguu. Kipande cha godoro la sponji, zulia chakavu, kadibodi, hata matawi ya misonobari. Watu hutumia mamia ya dola juu ya mguu na kusahau chini yake, kwa kitu ambacho jirani yako anakitupa jalalani.

Na vile vifuko vya joto mnavyoviona karibu na kaunta ya kulipia? Ndani yake kuna unga wa chuma, chumvi na makaa. Ukifungua, hewa inaingia, chuma kinashika kutu kwa haraka, na kutu hiyo inatoa joto. Naam, mnanunua kutu. Kifuko kinafanya kazi, ila kinahitaji hewa. Ukikigandamiza ndani ya buti lililokaza, kinazimika nawe unakilaani. Kwa hiyo tunarudi kwenye nafasi, nadharia yangu ya tatu, au ya kwanza, katibu ataamua.

Sigara hubana mishipa. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, unahisi joto usoni huku joto lenyewe linakuhama. Na pombe na bunduki havikai kwenye begi moja. Nimemaliza hapo, wanaohusika wamenisikia.

Ikitokea kidole kimepauka, kimekuwa kigumu, hakihisi kitu, basi hapo acha ushujaa. Usikisugue. Narudia kwa ajili ya mjomba wa kila mtu: usikisugue, na hasa usikisugue kwa theluji. Ushauri huo wa theluji ulienezwa na daktari mkubwa wa Napoleon, Dominique-Jean Larrey, aliyeona askari wakiganda katika mafungo ya kutoka Moscow mwaka 1812. Jambo moja aliliona sawasawa: waliojikausha motoni usiku na kuganda tena asubuhi waliharibika zaidi. Lakini la theluji lilidumu zaidi ya karne moja, likitesa vidole vya watu wasio na hatia. Mtoe mtu kwenye baridi. Kama bado mko mbali na kuna hatari ya kuganda tena, usikiyeyushe njiani. Mkifika mahali salama, maji ya uvuguvugu, yapata nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi, maji ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Wala si moto wa kuni, maana kidole kisichohisi hakijui kinaungua. Kisha hospitali. Hapo mimi, pamoja na vyeo vyangu, nawaachia madaktari wa kawaida.

Nyumbani, toeni soli za ndani, tieni magazeti kwenye mabuti, yabadilisheni yakilowa. Msiyaweke juu ya hita. Ngozi itapasuka na gundi itaachia, kisha mtamtupia lawama fundi. Buti likilala na unyevu wa jana, kesho litakuvalisha huo huo.

Sasa maswali. Ndiyo, mama. Hapana, mabuti ya mtoto hayanunuliwi makubwa ili ayavae miaka mitatu; nafasi ikizidi mno mguu unacheza, unapata malengelenge. Ndiyo, kaka wa Nakuru. Gambuti za shambani? Kwa kukamua ng'ombe, hongera. Kwa Novemba ya hapa, hapana, labda uwe umepata saizi itakayoingia soksi nene na sponji chini. Mzee wa Marangu, umekwisha kuuliza. Nani mwingine? Kijana pale kwenye sambusa, futa mdomo kwanza.

Anauliza mimi nimeua kulungu wangapi.

Kijana, kulungu wamepita mbele yangu kwa wingi, na wote wanaweza kushuhudia kwamba nilikuwa nimeinama nikikagua soksi. Lakini swali lako limekosa anwani. Kulungu huuawa kwa jicho na kwa kidole cha mkono. Idara yangu inaishia kwenye kifundo cha mguu. Swali linalofuata, na lisitoke meza hiyo.